Mauno kwenye bluzi: jinsi ya kuandaa onyesho la densi ya tumbo

Mchezaji aliyezoea densi ya tumbo ya Kimisri akiwekewa muziki wa bluzi (blues) kwa mara ya kwanza, tatizo lake huwa moja: anacheza mno. Mwimbaji anaimba, yeye anatikisa. Gitaa linajibu, yeye bado anatikisa. Wimbo ukiisha, watazamaji wameona kiuno kikienda bila kupumzika na hawakumbuki hata mwondoko mmoja. Bluzi ina nafasi tupu ndani yake, na zimewekwa makusudi. Karibu kazi yako yote jukwaani ni kujua nafasi hizo ziko wapi na utaziweka nini.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye misingi anayo tayari: kuzungusha nyonga, kuchora nane kwa kiuno, wimbi la tumbo, mtikisiko, kupandisha na kudondosha nyonga moja bila kifua kufuata. Kama bado, tafuta mwalimu kwanza, bluzi itakungoja.

Hatua ya 1: Chagua wimbo, na hesabu urefu wake

Bluzi ya kawaida huenda kwa mizunguko. Mzunguko mmoja una vipimo 12, kila kipimo kina mapigo manne, jumla mapigo 48. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, mzunguko unachukua sekunde 48, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni mizunguko mitano tu. Kwa mapigo 72 mzunguko ni sekunde 40, nao wimbo huohuo unakuwa na mizunguko sita. Kwa mapigo 96 ni sekunde 30, mizunguko minane. Washa metronomu ya simu, pima wimbo wako, andika namba hizo kwenye karatasi. Kwa onyesho la kwanza kaa kati ya 60 na 80. Bluzi za haraka ni tamu kwa kucheza na mwenzako ukumbini, lakini jukwaani zitakurudisha kwenye tabia ya kujaza kila pigo.

Nakushauri uanze mazoezi na rekodi ya “St. Louis Blues” ya Bessie Smith ya mwaka 1925. Humo hakuna ngoma hata moja. Ni sauti yake, kinanda cha upepo cha Fred Longshaw, na Louis Armstrong akipuliza koneti, aina ya tarumbeta ndogo. Kila Bessie anapomaliza mstari, koneti inamjibu. Kwa kuwa hakuna mdundo wa kujificha nyuma yake, utalazimika kusikiliza nani anasema na nani anajibu.

Wimbo huo una zawadi nyingine. W.C. Handy alipouchapisha mwaka 1914, aliweka ndani yake sehemu ya vipimo 16 yenye mdundo wa habanera, uliotoka Cuba. Tafuta bendi ambayo mpiga ngoma wake anaupiga mdundo huo waziwazi. Mchezaji anayeijua maksum, mdundo wa Kimisri, hatapotea: gawa kipimo mara nane, na dumbak, ngoma ya kupigwa kwa mikono, inapiga maksum kwenye 1, 2, 4, 5 na 7. Ondoa pigo la 2, imebaki habanera. Ondoa na la 5, umepata malfuf, mdundo mwingine wa Kimisri. Hapo ndipo pekee katika wimbo huo ningekuruhusu ucheze Kimisri bila kujizuia.

Kama unataka bluzi ya umeme, chukua “Hoochie Coochie Man” ya Muddy Waters, ya mwaka 1954, iliyotungwa na Willie Dixon. Mzunguko wake ni wa vipimo 16, na nusu ya kwanza bendi inapiga kifungu kifupi kisha inanyamaza, ikimwacha mwimbaji peke yake. Ni rahisi kuukata kwa nyonga: pigo linapokuja unadondosha, linapokatika unaganda. Uhusiano wake na densi yetu pia si wa kubuni. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, palijengwa mtaa wa mfano wa Cairo, na wacheza densi kutoka nchi za Waarabu wakawashtua Wamarekani. Densi ya kuigiza iliyozuka baada ya hapo ikasambaa kwenye sarakasi na vibanda vya burudani kwa jina hilohilo la “hoochie coochie”. Uigizaji ule ulikuwa wa kejeli zaidi kuliko heshima, mwanamke wa Mashariki akifanywa kioja. Kwa hiyo ukiuchagua wimbo huu usiuletee tena vichekesho vya nyumba ya Sultani na masuria. Bluzi ni muziki wa Waamerika Weusi wa Kusini, watoto na wajukuu wa watumwa. Raksi sharki, yaani densi ya tumbo ya jukwaani, ina wenyewe Misri. Pande zote mbili zimeshachekwa vya kutosha.

Kisha soma maneno yote ya wimbo, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Muombe mtu akutafsirie. Watunzi wa bluzi wanapenda mafumbo kama watunzi wa taarabu. Mashine ya kahawa siyo mashine ya kahawa, jogoo siyo jogoo. Nyimbo nyingine zinasimulia mwanamke kupigwa au mume kuuawa, na utajisikia vibaya ukigundua kwamba ulitabasamu ubeti mzima.

Hatua ya 2: Chora ramani ya mzunguko

Keti. Usicheze. Mzunguko wa bluzi una mistari mitatu, kila mstari vipimo vinne. Mstari wa kwanza unaimbwa, wa pili unarudia maneno yaleyale au karibu yaleyale, wa tatu unatoa jibu au kijembe. Kwa kuwa mifano mingi ni ya Kiingereza, nimetunga ubeti wa mazoezi ili usikie umbo lenyewe:

Nimekungoja kituoni, basi la mwisho limeondoka,
Nimekungoja kituoni, basi la mwisho limeondoka,
Kumbe uko kwa jirani, na wala hujanikumbuka.

Imba kwa sauti yoyote uliyonayo, ukipiga makofi taratibu. Utaona kwamba maneno yanakula kama vipimo viwili, kisha vinabaki viwili ambavyo mwimbaji ananyamaza na gitaa, piano au kinanda cha mdomo kinaingia kumjibu. Kwa mwendo wa mapigo 60, nafasi hiyo ni sekunde 8. Simama mbele ya kioo ukae sekunde 8 bila kufanya lolote, utaona ni nyingi kiasi gani. Kila mzunguko una nafasi tatu za namna hiyo.

Sikiliza pia chini ya sauti. Kwenye mstari wa kwanza gitaa liko “nyumbani”, kwenye sauti ya msingi ya wimbo. Kipimo cha 5, mwanzo wa mstari wa pili, linahama. Maneno ni yaleyale lakini ardhi imesogea. Kipimo cha 7 linarudi. Kipimo cha 9 linapanda kwenye sauti yenye mvutano mkubwa kuliko zote, linashuka kwenye cha 10, na cha 11 limefika nyumbani tena. Vipimo viwili vya mwisho vina kifungu cha kugeuza, kinachokwambia kwamba mzunguko unaanza upya au wimbo unafungwa. Mchezaji ambaye hajui kifungu hicho hunaswa mikono iko hewani wakati mwimbaji ameshaanza ubeti mwingine.

Chora hivyo vyote kwenye karatasi: visanduku vinne kwa mistari mitatu. Andika S penye sauti na J penye jibu. Fanya hivyo kwa kila mzunguko, maana mwimbaji mzuri huvunja utaratibu mahali fulani, na mahali hapo ndipo utakapoweka kitu chako bora.

Hatua ya 3: Fundisha nyonga kugawa kwa tatu

Hapa ndipo wengi waliosomea Kimisri wanapokwama. Midundo ya Kimisri kama maksum, saidi na malfuf inagawa pigo kwa mbili na nne. Bluzi nyingi zinagawa pigo kwa tatu, na ngoma inapiga la kwanza na la tatu: DUM, kimya, ta, DUM, kimya, ta. Ukidondosha nyonga kwenye DUM kisha ukaipandisha katikati kabisa ya pigo kama ulivyozoea, utakuwa umewahi, na macho ya mtazamaji yataona kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Zoezi: simama, magoti yamelegea, uzito mguu wa kushoto, kidole gumba cha mguu wa kulia kinagusa sakafu mbele. Hesabu “mo-ja-na, mbi-li-na, ta-tu-na, nne-e-na”. Dondosha nyonga ya kulia kwenye silabi ya kwanza. Kwenye ya pili usifanye kitu, na hapo ndipo pagumu. Kwenye “na” pandisha, kidogo tu, kama unavuta pumzi ya kudondosha tena. Anza na mapigo 50 kwa dakika, usikimbilie 70 mpaka silabi ya pili iwe kimya kweli. Kisha badili mguu.

Likishaingia, jaribu kutembea na mtikisiko wa tatu: kulia-kushoto-kulia kwa hatua ya kwanza, kushoto-kulia-kushoto kwa ya pili. Kwenye midundo ya Kimisri mtikisiko huu huacha nafasi ya nne tupu. Kwenye bluzi haina nafasi ya nne, tatu zinajaa pigo lote. Waliokulia Mombasa au Lamu wakiona chakacha harusini wana bahati hapa. Chakacha nayo huenda kwa tatu-tatu, 6/8, na kiuno kilichojifunza hivyo utotoni hakihitaji kuelezwa mengi. Unachohitaji kupunguza ni kasi na ukubwa.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: chelewa. Mwimbaji wa bluzi hutua nyuma kidogo ya pigo, na nyonga yako nayo itue nyuma kidogo. Kutokwenda na ngoma kabisa ni kitu kingine. Anza mwondoko kwenye pigo na uumalizie pigo likiwa limeshapita.

Hatua ya 4: Chagua miondoko, na itupe mingine

Miondoko mitano au sita inatosha onyesho zima. Wimbi la mwili linafaa pale mpiga gitaa anapovuta waya na sauti kupanda taratibu: anza wimbi sauti inapoanza kupanda, na kifua kifike juu sauti inapofika, si kabla. Nane ya wima inayoshuka, ambayo wachezaji wengi wa Marekani na Ulaya huiita maya, inabeba mistari mirefu ya sauti. Kudondosha nyonga ni kwa majibu makavu ya gitaa. Mtikisiko wa mabega, mdogo na wa haraka, ni kwa noti inayotetemeka. Wimbi la tumbo liweke akiba. Likitumika mara moja mahali pa kimya linasikika ukumbi mzima, likitumika mara sita linakuwa mazoezi ya viungo.

Kinanda cha mdomo nakitenga peke yake. Baladi ya mjini, muziki na densi ya watu wa kawaida wa Misri, huanza na akodioni ikijisemea taratibu bila mdundo, kisha akodioni inauliza na dumbak inajibu, mpaka mdundo unashika. Akodioni na kinanda cha mdomo hutoa sauti kwa njia ileile, ndimi ndogo za chuma zinazotetemeshwa na hewa, na zote hulia na kuvuta pumzi kwa namna inayofanana. Kama umewahi kucheza taksimu ya akodioni, yaani ile sehemu inayojisemea bila mdundo, ichukue vilevile ilivyo: miguu imetulia, uzito chini, mizunguko midogo ya nyonga, mikono karibu na mwili. Ndiyo maana nasema mtu wa baladi ataielewa bluzi mapema kuliko mtu wa raksi sharki ya jukwaa kubwa yenye vinanda ishirini.

Acha mizunguko ya kujipindua kasi, acha kukimbia na shela, acha vitoazi vya vidoleni isipokuwa umeelewana na mpiga ngoma, kwa sababu vinamfunika mwimbaji. Na punguza tabasamu. Uso wa bluzi unaweza kuwa na huzuni, kiburi au dharau. Tabasamu la harusi haliendi na mtu aliyeachwa kituoni.

Sasa uweke kwenye ramani. Mfano huu ni wa mzunguko mmoja wa ule ubeti wetu:

Vipimo 1–2, mwimbaji anaimba: simama upande wa kushoto wa jukwaa, uzito mguu mmoja, bega la kulia lipande taratibu mpaka mwisho wa maneno. Hakuna kingine.
Vipimo 3–4, gitaa linajibu: dondosha nyonga ya kulia mara tatu, kila moja ikichelewa kidogo. Ganda.
Vipimo 5–6, maneno yanarudi, gitaa limehama: rudia bega, lakini la kushoto, na magoti yashuke zaidi. Geuka robo.
Vipimo 7–8: jibu lilelile kwa nyonga ya kushoto, mara mbili tu. Ya tatu watazamaji wataisubiri, usiwape.
Vipimo 9–10, kijembe: tembea mbele kwa mtikisiko wa tatu, ukiwatazama waliokaa mbele.
Kipimo cha 11: ile nyonga ya tatu uliyowanyima, idondoshe hapa, kisha wimbi la mwili.
Kipimo cha 12: shusha mikono, badili uzito, jiandae.

Mzunguko unaofuata usifanane na huu. Lakini kanuni ibaki: mstari wa kwanza unasema, wa pili unasema tena kwa tofauti ndogo, wa tatu unageuza mambo.

Hatua ya 5: Mavazi

Bedla, yaani sidiria na mkanda wenye shanga, inaweza kufaa, lakini sarafu za mkanda hulia juu ya gitaa la taratibu na kuharibu zile sekunde 8 za kuganda. Nyuzi ndefu nzito ni bora: nyonga ikisimama, nyuzi zinaendelea kidogo, na ule uchelewaji unaonekana. Binafsi napenda galabia ndefu ya baladi iliyobana mwilini, na kitambaa kimefungwa chini ya kiuno. Kwa mazoezi, kibwebwe cha kanga kinatosha. Kifunge kwenye mfupa wa nyonga, si tumboni, ili uone kama nyonga zote mbili zinafanya kazi sawa.

Usiende peku kwenye ukumbi wa baa. Sakafu zina vipande vya chupa na zinanata. Viatu laini vya ngozi vya wacheza densi ni jibu rahisi.

Hatua ya 6: Ongea na bendi

Ukicheza kwa rekodi, peleka wimbo kwenye simu na kwenye flashi, na uusikilize kwenye spika za ukumbi kabla watu hawajaingia. Besi ikizidi, lile jibu la gitaa litamezwa. Hayo yakitimia, endelea na hatua inayofuata.

Ukicheza na bendi ya moja kwa moja, mambo ni mengine. Wapiga bluzi hurefusha wimbo wakijisikia, na mtu mmoja akinogewa na solo mizunguko sita inakuwa kumi. Kutane na kiongozi wa bendi kabla ya onyesho, umuimbie mwendo unaoutaka ukipiga makofi, na mkubaliane idadi: mizunguko miwili ya kuimba, mmoja wa kinanda cha mdomo, mmoja wa gitaa, miwili ya kuimba, tunafunga. Mpe ishara. “Kaka, mzunguko wa sita nikifika mstari wa tatu nitainua mkono wa kulia. Ukiuona, funga.” Mwombe arudie alichokisikia, kwa sababu kusema “sawa, dada” ni rahisi.

Muulize pia nyaya ziko upande gani. Jukwaa la bluzi lina nyaya, stendi za maikrofoni na chupa za maji za mpiga ngoma. Pima nafasi yako kwa kunyoosha mikono na kuzunguka mara moja. Kama unagusa kitu, ondoa kwenye onyesho mwondoko wowote wa kuzunguka.

Mwimbaji anapoimba, mwangalie walau mara moja katika kila mzunguko. Ukimgeuzia mgongo dakika nne mfululizo, watazamaji wataona wasanii wawili wanaogombea jukwaa.

Hatua ya 7: Jirekodi, kisha uzime sauti

Weka simu kwenye kiti, cheza wimbo mzima, halafu itazame video bila sauti. Je, unaweza kuona mistari mitatu ya kila mzunguko kwa macho tu? Unaona mahali ulipoganda? Kama mwili wako unaonekana umeenda mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ondoa nusu ya miondoko, urekodi tena. Rudia mpaka mtu asiyeujua wimbo aweze kukuonyesha kwa kidole wapi mwimbaji alikuwa ananyamaza. Pasha viungo kabla ya kila zoezi, hasa mgongo wa chini na magoti. Kucheza polepole ukiwa umeshuka kunachosha kuliko kucheza haraka.

Mwisho wa wimbo ufanyie mazoezi peke yake. Bendi nyingi hupunguza mwendo kwenye vipimo viwili vya mwisho, kisha hushikilia sauti ya mwisho huku mpiga ngoma akirindimisha. Usikimbilie kuweka pozi sauti inapoanza kushikiliwa. Weka mtikisiko mdogo wa nyonga wakati ngoma inarindima, mikono ikishuka, na usimame pamoja na pigo la kufunga. Bendi isipofunga, ikaongeza mzunguko ambao hamkukubaliana, usishangae usoni: rudi kwenye lile jibu la kwanza kabisa, nyonga ya kulia mara tatu, na uinue tena mkono mstari wa tatu ukifika. Baada ya kufunga, nyoosha mkono kuelekea kwa bendi kabla wewe mwenyewe hujainama, kisha toka kwa upande usio na nyaya.